Kugongwa kifuani: mishipa mikubwa ya damu inapoumia bila kidonda kuonekana

Makala hii ni kwa wakimbizi wanaoishi Dzaleka na kwa Wamalawi wa Dowa na Lilongwe. Inaeleza jeraha ambalo halitokei mara nyingi lakini huua haraka: kuchanika kwa mshipa mkubwa wa damu ndani ya kifua baada ya ajali ya gari, kuanguka kutoka juu au kuangukiwa na kitu kizito. Utasoma namna ya kulishuku, cha kufanya kabla ya kufika hospitali, pa kwenda, na yale ambayo madaktari hufanya. Makala haichukui nafasi ya mhudumu wa afya. Kama kuna mtu aliyeumia sasa hivi, anza na sehemu ya "Cha kufanya mahali pa ajali".

Kwa kifupi

- Mtu anaweza kuumia vibaya ndani ya kifua bila kutoka damu nje na bila mfupa wowote kuvunjika.
- Kuongea na kutembea baada ya ajali si ushahidi kwamba mtu ni mzima.
- Kinachomsaidia daktari zaidi ni maelezo ya ajali: gari lilikuwa na mwendo gani, mtu alianguka kutoka urefu gani, nani mwingine ameumia au amefariki.
- Mgonjwa asikandwe, asichanjwe, asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, na asibebwe kwa baiskeli au pikipiki.
- Akifika hospitali akiwa hai, matibabu yapo. Mengine huhitaji upasuaji mkubwa, lakini hatua ya kwanza, kushusha presha, hufanywa kwa dawa.

Ni jeraha la aina gani?

Damu yote inayotoka upande wa kushoto wa moyo kwenda mwilini hupita kwanza katika mshipa mmoja mkubwa unaoitwa aota. Kwa mtu mzima aota ina upana wa sentimita 2 hadi 3. Hupanda kutoka kwenye moyo, hujikunja kama mpini wa mwavuli, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo hadi tumboni. Kwenye mkunjo ndipo inapochipuka mishipa ya mikono na kichwa. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma karibu lita 5 za damu kila dakika, na karibu kiasi hicho ndicho damu yote aliyo nayo mwilini. Ndiyo maana tundu kwenye mshipa huu humaliza uhai kwa dakika chache.

Gari likisimama ghafla, au mtu akifika chini kwa kishindo, moyo na mkunjo wa aota huendelea kwenda mbele huku sehemu iliyoshikamana na uti wa mgongo ikibaki mahali pake. Fikiria mpira wa maji uliofungwa kwenye bomba: ukiuvuta kwa nguvu, hukatika pale ulipofungwa. Kwa aota, sehemu inayochanika mara nyingi ni ile iliyo mara tu baada ya kuchipuka mshipa wa mkono wa kushoto.

Aota si mshipa pekee unaoweza kuumia. Mshipa unaopeleka damu kwenye mkono wa kulia na upande wa kulia wa kichwa, mishipa iliyo chini ya mtulinga, ile inayounganisha moyo na mapafu, na mishipa inayorudisha damu kwenye moyo inaweza kuchanika pia.

Kwa nini mtu huongea na kutembea kisha akaanguka?

Wengi hawafikishwi hospitali. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1958 uliwachunguza watu ambao aota zao zilichanika kwa kugongwa, ukaona kwamba zaidi ya 8 kati ya kila 10 walifariki papo hapo au kabla ya kupata tiba. Waliobaki walikuwa hai kwa sababu moja: ukuta wa aota una matabaka matatu, na kwao tabaka la nje lilikuwa bado linazuia damu.

Mtu yeyote aliyewahi kuziba pancha atalielewa hili. Tairi la baiskeli likichanika kidogo, tyubu hujitokeza pale palipochanika na kufanya uvimbe. Baiskeli bado inatembea. Lakini ukiongeza upepo, au ukipakia gunia la mahindi na kupita kwenye mawe, tyubu hupasuka. Aota iliyochanika nusu iko hivyo. Inaweza kushika kwa saa kadhaa, kwa siku, na kwa watu wachache hata kwa miaka. Presha ikipanda kwa maumivu, hofu, kubeba mzigo au kukimbia, hupasuka. Karibu kila ushauri ulio katika makala hii unatoka hapo.

Ajali ya Princess Diana wa Uingereza, iliyotokea Paris tarehe 31 Agosti 1997, inajulikana duniani kote. Gari liligonga nguzo ndani ya njia ya chini ya ardhi muda mfupi baada ya saa sita na dakika ishirini usiku. Diana hakuwa amefunga mkanda. Waliofika kwanza walimkuta hai, na alitamka maneno machache. Ndani ya kifua, mshipa unaotoka kwenye pafu la kushoto ulikuwa umechanika karibu na moyo. Madaktari walimfungua kifua na kushona, lakini saa kumi alfajiri alitangazwa kuwa amefariki.

Hutokea vipi hapa kwetu?

Jeraha hili huja na nguvu kubwa. Hali za kushuku ni hizi:

- Gari, minibasi au lori kugongana uso kwa uso au kugongwa ubavuni.
- Kurushwa kutoka nyuma ya matola, hasa kwa waliosimama au kukaa juu ya mizigo.
- Kugongwa na gari ukiwa kwa miguu, kwenye kabaza au kwenye pikipiki.
- Kuanguka kutoka zaidi ya mita 3 hivi: mwembe, paa, jukwaa la ujenzi, kisima.
- Kuangukiwa na ukuta wa matofali, gogo, tanuri la matofali au mchanga wa shimo.
- Kukandamizwa kati ya gari na ukuta, au kukanyagwa na mkokoteni wa ng'ombe wenye mzigo.

Mtu aliyejikwaa akaangukia kifua hana sababu ya kuogopa aota. Baada ya kugongwa kifuani, majeraha yanayotokea zaidi ni mbavu kuvunjika, pafu kuvia damu, na hewa au damu kujaa kando ya pafu. Nayo pia yanaweza kuua, lakini mengi hutibika kwa oksijeni, dawa za maumivu na mrija wa kuondoa hewa au damu kifuani. Hiyo ni sababu nyingine ya kumwahisha mgonjwa. Huenda unachohofia kuwa aota ni pafu linalohitaji mrija tu, na mrija huo ukichelewa mtu hufa vilevile.

Dalili za kuangalia

Hakuna dalili moja inayothibitisha kwamba mshipa mkubwa umechanika, na baadhi ya wagonjwa hawana dalili yoyote mwanzoni. Baada ya ajali yenye nguvu kubwa, mpeleke mtu hospitali mara moja ukiona hata moja kati ya hizi:

- Maumivu makali kifuani, au maumivu yanayohisiwa kama kitu kinachanika katikati ya mabega mgongoni.
- Kupumua kwa shida, kwa haraka, au upande mmoja wa kifua kutopanda.
- Sauti kukauka ghafla au shida ya kumeza.
- Mkono mmoja kuwa baridi, wenye ganzi, au mapigo yake kuwa dhaifu kuliko ya mkono wa pili.
- Miguu kuwa dhaifu au kukosa hisia.
- Uvimbe au michubuko juu ya mtulinga na chini ya shingo, au alama ya usukani au ya mkanda kifuani.
- Jasho baridi, midomo iliyopauka, kiu kali, kuchanganyikiwa, kuzimia.
- Kukohoa damu.

Kwa watoto kuwa mwangalifu zaidi. Mbavu za mtoto ni laini na hupinda bila kuvunjika, hivyo anaweza kuumia ndani huku ngozi na mifupa vikionekana salama. Mama mjamzito aliyepata ajali kubwa apelekwe hospitali hata kama hana maumivu.

Cha kufanya mahali pa ajali

1. Hakikisha pako salama. Simamisha magari mengine. Usiku, tumia tochi au nguo nyeupe. Msaidizi akigongwa, majeruhi wanakuwa wawili.
2. Omba usafiri mara moja. Namba ya ambulensi Malawi ni 998 na ya polisi ni 997. Mtu mwingine apige simu au akimbilie kituo cha afya wakati wewe uko na majeruhi.
3. Mwambie majeruhi asisimame na asitembee, hata kama anasema yuko sawa. Mtulize kwa sauti ya chini. Utulivu hushusha presha, kwa hiyo hapa ni sehemu ya tiba.
4. Angalia kama anapumua. Kama hana fahamu lakini anapumua, mgeuze ubavu kwa uangalifu, kichwa na mwili vikienda pamoja, ili asisakamwe na matapishi au damu.
5. Kama kuna damu inayotoka nje, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia.
6. Mshike kichwa kisiyumbe ikiwa ameanguka kutoka juu au analalamika shingo na mgongo. Kama yuko macho, hana maumivu ya shingo wala mgongo, na anapumua kwa shida akilala, mwache aegemee nusu ameketi.
7. Mfunike asipate baridi. Mwili ukipoa, damu huganda kwa shida.
8. Andika saa ya ajali na kilichotokea, hata kwenye kiganja au kwenye simu.

Akibebwa, atumie ubao, mlango au godoro gumu, watu wanne wakinyanyua kwa pamoja. Kama ambulensi haipatikani, gari lolote ambalo mgonjwa anaweza kulala ni bora kuliko kusubiri. Dereva aende kwa mwendo wa kawaida, akwepe mashimo.

Usifanye haya

- Usimbebe kwa kabaza wala pikipiki. Mtikisiko na kukaa wima vinaweza kumaliza kile kilichobaki cha ukuta wa mshipa.
- Usimkande kwa maji moto, usimpige mgongo, usimnyooshe, usimchanje wala kumuumika kwa pembe.
- Usimfunge kifua kwa kitenge au bandeji ya kubana. Hataweza kupumua vizuri.
- Usimpe aspirini, ibuprofeni au diklofenaki. Huzuia damu kuganda. Dawa ya maumivu ataipata hospitalini.
- Usimpe chakula, chai wala pombe. Huenda akahitaji upasuaji.
- Usichomoe kitu kilichomchoma kifuani. Kishikilie kisitikisike hadi afike.

Pa kwenda: Dzaleka, Dowa, Lilongwe

*Ukiwa ndani ya kambi.* Anza na Kituo cha Afya cha Dzaleka, ambacho huhudumia wakimbizi na wanakijiji wa jirani. Kituo hakifanyi upasuaji wa kifua, lakini kinaweza kupima presha, kumwekea mgonjwa njia ya dawa kwenye mshipa, kumwandikia rufaa na kumwitia ambulensi. Rufaa inaweza kupitia Hospitali ya Wilaya ya Dowa au kwenda moja kwa moja Kamuzu Central Hospital jijini Lilongwe, zaidi ya kilomita 40 kutoka kambini. Ukiwa na hofu na kifua, sema wazi: "Tunaomba apelekwe panapoweza kufanyika kipimo cha CT." Si kosa kuuliza.

*Ukiwa Lilongwe.* Nenda moja kwa moja Kamuzu Central. Ni hospitali kuu ya rufaa ya kanda ya kati, na tangu 2008 wafanyakazi wake huandika taarifa za kila majeruhi anayefika, hivyo kupokea watu wa ajali ni kazi yao ya kila siku.

*Ukiwa njiani,* kwa mfano kwenye barabara ya M1, hospitali iliyo karibu ndiyo ya kwanza. Hewa iliyojaa kando ya pafu inaweza kuondolewa hapo, na safari ikaendelea mgonjwa akiwa na nafuu.

Chukua kitabu cha afya cha mgonjwa (pasipoti ya afya), kitambulisho cha ukimbizi cha mgonjwa na cha anayemsindikiza, pamoja na karatasi ya rufaa. Vitawasaidia mkisimamishwa barabarani. Lakini ikiwa karatasi hazionekani haraka, mgonjwa atangulie na karatasi zifuate. Hospitali za serikali, zilizo chini ya Wizara ya Afya yenye makao yake Capital Hill, hutoa matibabu ya dharura bila malipo, na mkimbizi hupokelewa kama Mmalawi.

Katika hospitali za Malawi ndugu mmoja hutarajiwa kukaa na mgonjwa, kumfulia, kumletea chakula na kufuatilia maagizo. Huitwa gadiani. Mchagueni mapema mtu anayejua Chichewa au Kiingereza kidogo, mwenye simu yenye chaji.

Simulia ajali, hata kwa maneno machache

Mganga akiona mtu aliyeketi, asiye na damu, anaweza kumweka nyuma ya foleni. Atakachokijua kuhusu nguvu ya ajali ni kile utakachomwambia. Mweleze mambo manne: nini kilitokea, saa ngapi, kwa mwendo au urefu gani, na kama alizimia. Kama kuna mwenzake aliyefariki katika gari hilohilo, liseme hilo kwanza. Linamwonyesha daktari kwamba nguvu iliyomuua mmoja ilimpata na huyu.

Maneno ya Chichewa yatakayokusaidia:

- *Wagundidwa ndi galimoto*: amegongwa na gari.
- *Wagwa mumtengo*: ameanguka kutoka mtini.
- *Chifuwa chikumupweteka*: kifua kinamuuma.
- *Msana ukumupweteka*: mgongo unamuuma.
- *Akuvutika kupuma*: anapumua kwa shida.
- *Wakomoka*: amezimia.

Hospitalini: vipimo

Wahudumu huanza na kinachoua haraka zaidi: njia ya hewa, kupumua, damu inayovuja. Baada ya hapo utaona baadhi ya haya:

*Presha kwenye mikono yote miwili.* Tofauti kubwa kati ya mkono na mkono humfanya daktari ashuku mshipa ulioumia. Kama wamepima mmoja tu, unaweza kuomba kwa heshima wapime na wa pili.

*Picha ya eksirei ya kifua.* Daktari huangalia kama kivuli cha katikati ya kifua kimepanuka, kama ubavu wa kwanza umevunjika, na kama kuna damu upande wa kushoto. Picha nzuri hupunguza wasiwasi lakini haiuondoi.

*Altrasaundi.* Huonyesha damu iliyozunguka moyo, iliyo kando ya mapafu au tumboni. Aota yenyewe haionekani vizuri kwa njia hii.

*Kipimo cha CT chenye dawa ya mshipa.* Hiki ndicho kinachotoa jibu. Dawa hupigwa kwenye mkono, kisha mashine huchukua picha nyingi za kifua kwa sekunde chache. Mwambie mhudumu kama mgonjwa ana ugonjwa wa figo, ana mimba, au aliwahi kudhurika na dawa kama hiyo.

Hospitalini: matibabu

*Kushusha presha na mapigo.* Hii ndiyo kazi ya kwanza baada ya jeraha kujulikana au kushukiwa sana. Hutumika dawa za kutuliza maumivu na dawa za kupunguza nguvu ya moyo, kama labetaloli, esmololi au propranololi. Lengo la kawaida ni namba ya juu ya presha isizidi 120 na mapigo yasizidi 100 kwa dakika. Turudi kwenye tairi: huu ni upepo unaopunguzwa ili tyubu isipasuke. Mgonjwa aliyeumia pia kichwa hupangiwa tofauti, kwa sababu ubongo uliovimba unahitaji presha ya kutosha.

Kwa sababu hiyo usishangae daktari akikataa kuongeza dripu, ambayo wengine wetu huiita serumu. Ndugu wengi huona chupa nyingi za maji kama dalili ya kuhudumiwa vizuri. Kwa jeraha hili maji mengi hupandisha presha na kufanya damu iwe nyepesi isigande. Anayepoteza damu huongezewa damu.

*Damu.* Malawi ina huduma ya taifa ya damu salama inayotegemea watu wanaojitolea. Damu inapopungua, ndugu wanaweza kuombwa wajitolee. Kundi la damu la mtoaji halihitaji kufanana na la mgonjwa ili mchango wake usaidie wodi. Anayetoa damu siku ya kawaida husaidia zaidi, kwa sababu mtu wa ajali hawezi kusubiri.

*Kipi kinatibiwa kwanza.* Mara nyingi aliyeumia aota ameumia na wengu, ini, nyonga au kichwa. Damu inayovuja tumboni sasa hivi hutangulia, kisha aota iliyoshikiliwa na tabaka la nje. Zamani kila aota iliyochanika ilipelekwa chumba cha upasuaji usiku uleule. Siku hizi madaktari wamejifunza kwamba, presha ikidhibitiwa vizuri, wagonjwa wengi wanaweza kusubiri saa au siku hadi mwili utulie. Kusubiri huko si kupuuzwa, na ni nafasi ya kupata hospitali inayoweza kumtibu.

*Kutengeneza mshipa.* Madaktari hugawa jeraha la aota katika ngazi nne:

- Ngazi ya kwanza ni mpasuko mdogo wa ngozi ya ndani. Mara nyingi hupona kwa dawa za presha na kurudia CT.
- Ngazi ya pili ni damu kuvia ndani ya ukuta wa mshipa.
- Ngazi ya tatu ni uvimbe kama ule wa tyubu. Hii na ya pili kwa kawaida hutengenezwa.
- Ngazi ya nne ni mshipa uliopasuka kabisa. Huhitaji kutengenezwa papo hapo.

Njia ya kisasa ni kupitisha mrija kwenye mshipa wa kinena hadi kifuani na kufungua ndani ya aota stenti iliyofunikwa kitambaa, inayoziba palipochanika bila kupasua kifua. Njia ya zamani ni kufungua kifua na kushona au kuweka kipande cha mshipa bandia. Hatari yake kubwa ni kupoteza damu na miguu kupooza, kwa sababu uti wa mgongo hupata damu yake kutoka aota.

Hospitali nyingi za umma katika ukanda wetu hazina stenti hizi wala timu ya kuziweka. Familia ina haki ya kuuliza: Jeraha liko ngazi gani? Presha imedhibitiwa? Kuna hospitali nyingine inayoweza kufanya hivi, na rufaa inaombwaje? Kama ni mkimbizi, mjulisheni pia afisa wa afya anayeshughulikia rufaa kambini siku hiyohiyo.

Baada ya kurudi nyumbani

Aliyeruhusiwa baada ya kugongwa kifuani arudi hospitali haraka akipata maumivu mapya ya kifua au mgongo, pumzi fupi, sauti iliyokauka, kuzimia, mkono baridi, au kukohoa damu. Siku 3 za kwanza asilale nyumbani peke yake.

Aliyegunduliwa kuwa na jeraha la aota anywe dawa za presha kila siku, hata akijisikia mzima. Asibebe ndoo za maji, magunia wala matofali hadi daktari aseme. Majirani na viongozi wa mtaa wanaweza kumsaidia siku za kupokea mgao. Tarehe ya kurudi kliniki iandikwe kwenye pasipoti ya afya, na nauli ipangwe kabla.

Kuna watu ambao uvimbe wa aota hugunduliwa miaka baadaye. Kama uliwahi kupata ajali kubwa, iwe Kivu, Bujumbura au hapa Malawi, na sasa una kikohozi kisichoisha, sauti iliyokwaruza au maumivu ya mgongo wa juu, mweleze mganga kuhusu ajali ile.

Kuzuia

Mkanda wa gari hushika mwili usigonge usukani au kioo, na huokoa wengi. Kaa kwenye kiti chenye mkanda unaofanya kazi, na upite juu ya mfupa wa kifua na chini ya tumbo, hata kwa mjamzito. Ukilazimika kupanda matola, keti chini sakafuni, usikae ukingoni wala juu ya mizigo. Kwenye kabaza usiku, vaa nguo inayoonekana. Msimu wa maembe, tumieni mti mrefu wenye ndoano badala ya kuwapandisha watoto. Msimu wa mvua, usilale kando ya ukuta wa matofali mabichi ulioanza kupasuka.

Maswali yanayoulizwa

*Eksirei ilikuwa nzuri. Je, tumalize hapo?* Kama ajali ilikuwa ndogo na mgonjwa hana dalili, mara nyingi ndiyo. Kama gari lilikuwa na mwendo mkali, mtu alirushwa nje, au kuna aliyefariki, uliza kuhusu CT.

*Tukio limepita siku mbili. Tumechelewa?* Hapana. Aliyefika siku ya pili akiwa hai bado anaweza kutibiwa. Mpelekeni leo.

*Ndugu yetu alifariki palepale barabarani. Kama tungefika mapema angepona?* Aota ikipasuka kabisa, mtu hufa kwa dakika chache, na hivyo hutokea hata nje ya hospitali kubwa zenye kila kifaa. Katika hali hiyo hakuna ambacho ndugu, dereva au kituo cha afya angeweza kufanya. Anayeweza kusaidiwa ni yule ambaye mshipa wake bado umeshika, na husaidiwa kwa kutulizwa, kulazwa chini, kubebwa vizuri, na kuwa na mtu wa kueleza ajali ilivyokuwa.